Gauni Langu la Harusi Lilipoingia Kazini

Bwana asifiwe! Eeh, hamjaamka bado? Bwana asifiwe sana!

Ndugu zangu, mimi ni fundi cherehani tangu ujana wangu, hapa hapa Nyamirambo. Miaka ile ya tisini na moja, tisini na mbili, baraza letu lilikuwa na raha yake! Cherehani zinaimba tangu asubuhi, pasi za mkaa zinafuka moshi, na jirani yangu Mama Hadija anakaanga sambusa huku anatutania sote. Jamani, nimeyakumbuka!

Lakini kazi ya mikono, mkono ukisimama na sufuria inasimama. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wananitazama mimi tu. Siku moja pasi ikafunguka, makaa yakanimwagikia mkono wa kulia. Yesu wangu! Nikakaa na bandeji wiki nyingi, sishiki hata sindano. Niliuza kitanda, nikauza redio. Ikabaki cherehani, na mnunuzi akasema atakuja Jumamosi kuichukua. Nililia, ndugu zangu! Nikamuuliza Mungu, hii ikienda nitawalea na nini?

Ijumaa akaja Consolata, binti wa kwaya yetu. Harusi imekaribia, gauni hana. Akaomba nimkodishe lile nililoolewa nalo mimi. Nikashtuka.

"Mwanangu, hilo ni gauni la mjane. Nani anaingia nalo kanisani?"

Akanijibu, "Mama, mimi niliwaona. Baba alikuwa anakubebea cherehani mpaka nyumbani kila jioni, mnacheka njia nzima. Ndiyo ndoa ninayoitaka."

Mama Hadija akadakia kutoka dirishani: "Weye! Gauni iko inalala kwa sanduku, watoto iko wanalala njaa. Toa!"

Nikalitoa, machozi yananitiririka. Jumamosi mnunuzi alipokuja, nilikuwa na cha kupika wiki ile, nikamwambia arudi kwake. Akaja bibi harusi mwingine, na mwingine. Mimi nimekaa na bandeji yangu, gauni liko kazini! Mkono ulipopona nikashona mengine mawili, ya kukodisha tu. Tangu hapo, hata nikiugua malaria, wanangu walikula. Haleluya!

Kisha ukaja mwaka ule wa mauaji, sina haja ya kuutaja. Magauni yalikwenda, baraza likaenda, Mama Hadija akaenda. Kila nikisikia harufu ya sambusa namtafuta dirishani. Lakini cherehani ilibaki, nikaanza upya kwa njia ile ile aliyonifundisha Mungu.

Wewe uliyefungwa mkono leo, mtumaini Bwana. Huenda jibu lako amekwisha kukupa zamani, umelikunja vizuri, umelifungia.

Consolata, mwanangu, simama wakuone. Simama na mzee wako. Jamani, si mnaona mkoba wa mkewe umebebwa na nani?