Mlango wa Bw. Nicodemus Musyoka

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya mashauriano marefu, Muungano wa Wajibu wa Pamoja unatangaza kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025, chupa kubwa ya chai ya ofisini, ile ya kifuniko chekundu, haitakuwa na msimamizi. Bw. Nicodemus Musyoka, Katibu Mratibu wetu, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Oktoba baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Kazi zake nyingine zote, yaani kuzuia wanawake na wasichana wasiuzwe na kunyonywa kisiwani humu, zimegawanywa kwa wajumbe wote na hazina shida: kila mmoja ana hakika kuwa mwenzake anazo. Chupa ndiyo haigawanyiki.

Bw. Musyoka alishuka Mombasa kutoka Ukambani akiwa karani wa reli, kitengo cha mizigo iliyopotea. Wanaomkumbuka wasema alikuwa hodari. Mzigo ukikosa mwenyewe aliutunza vizuri, na mwenyewe akikosa mzigo alimliwaza vizuri, ila wawili hao mara chache walikutana. Sifa hizo ndizo zilizomfanya aajiriwe mwaka 1999 na Kamati ya Maadili ya Nyumba za Wageni, mama yake Muungano huu.

Kamati ya siku zile ilikuwa na kazi moja. Kila mwisho wa mwezi wajumbe waliteremka Feri, kwenye kivuko, wakiwa wamevaa tai, wakawaambia wanawake waliosimama pale jioni warudi makwao. Wanawake nao, watu wenye adabu, walipanda feri wakavuka hadi Likoni, wakapunga upepo, wakarudi kwa feri iyo hiyo. Bw. Musyoka aliandika kwamba wamehamishwa, na kweli walikuwa wamehama mara mbili. Aliyewaleta mjini kwa ahadi ya kazi, akawanyang'anya vitambulisho na kuwadai nauli isiyokwisha, hakuwahi kuulizwa chochote, kwa kuwa yeye hakuwa amesimama Feri.

Sheria mpya dhidi ya biashara ya watu ilipokuja, na nyuma yake wafadhili, Bw. Musyoka aliipokea kwa mikono miwili. Jina la Kamati likabadilishwa, kibao kikapakwa rangi, ofisi ikahamia Mbaraki kwenye ghorofa yenye upepo. Wale waliokuwa wakiitwa majina yasiyochapika katika jarida la heshima wakawa wahanga kati ya Ijumaa na Jumatatu. Becky, kiongozi wa wanawake wanaofanya kazi katika mabaa ya kisiwani, akaitwa mezani na kupewa kiti, kijitambulisho cha shingoni na maji ya chupa. Kura hakupewa. Siku ya kwanza alisimama akashukuru kwa maneno ambayo bado twayakumbuka: "Zamani mlinifukuza, leo mwaniketisha. Ahsanteni. Lakini hata kule Feri, bwana Katibu, mtu akinisemesha niliweza kumjibu."

Wafanyakazi wapya huuliza Bw. Musyoka ametuachia nini hasa. Ametuachia mambo mawili.

La kwanza ni mlango. Aligundua mapema kwamba mjumbe akishashiba biriani huwa mwepesi. Mmoja ana mgonjwa wa kumjulia hali, mwingine yuko nje hapa tu, mwingine amekwenda kupokea simu ambayo bado haijalia. Picha ya pamoja ndiyo iliyoumia. Mfadhili anataka kuona nyuso, na mwaka mmoja alipelekewa picha ya watu wanne na viti vingi. Kuanzia hapo Bw. Musyoka alihakikisha sala ya adhuhuri imepata nafasi yake kabla ya chakula, choo kina mlango wake wa ndani, na biriani ikishaliwa tu akaufunga mlango wa ukumbi, akatia ufunguo katika mfuko wa shati. Hatoki mtu mpaka picha ipigwe. Wajumbe walinung'unika, wakazoea, mwishowe wakajivunia. Hakuna muungano mwingine kisiwani wenye picha zilizojaa kama zetu.

La pili ni Mengineyo, ile ajenda ya mwisho. Kwa Bw. Musyoka ilikuwa kama kabati la juu jikoni: kila kisichojulikana pa kuwekwa hupelekwa huko. Mtu akiuliza jambo gumu, hakumpuuza hata siku moja. Alimtazama kwa upole, akaliandika swali kwenye karatasi kubwa ya ukutani kwa mwandiko wa reli, akasema, "Swali zuri sana. Tutalichukua kwenye Mengineyo." Wengi waliokaa chini baada ya kujibiwa hivyo walikaa wameridhika.

Mambo hayo mawili yalikutana Machi 2023, katika semina yetu kuhusu ishara za usafirishaji haramu wa watu. Siku hiyo ndiyo iliyompatia Bw. Musyoka ngao iliyoko ukutani mwa ofisi.

Semina iliwaalika wadau wote. Wajibu wa pamoja haumwachi mtu nje, hata aliye mwenye kosa hupewa kiti. Ndipo alipofika Bw. Ronald, wakala wa kazi za ng'ambo, kijana nadhifu aliyenukia marashi mpaka mstari wa nyuma. Alikuja na wasichana wawili. Shifa alikuwa amehitimu chuo cha upishi akawa hajapata jiko, na Sidi alikuwa akiuza vocha na vifuniko vya simu Kongowea. Bw. Ronald aliwaahidi kazi ya hoteli katika nchi ambayo kila walipomuuliza jina lake iliwabadilikia. Basi lao la kwenda Nairobi lilikuwa la alasiri, semina ina chakula, na Bw. Ronald si mtu wa kuacha biriani ya bure. Bw. Musyoka, aliyekuwa na upungufu mkubwa wa vijana, aliwapokea kwa furaha isiyo kifani. Akawavisha vijitambulisho vya "Mwakilishi wa Vijana", na kwa kitendo hicho akidi ya kikao ikatimia.

Walikuwa na mwenzao wa tatu, Mercy, msusi kutoka Kaloleni. Huyu alibaki stendi ya Mwembe Tayari kulinda mizigo, pamoja na mwanamke mmoja waliyeambiwa wamwite shangazi. Alibaki kwa hiari yake. Aliwaambia wenzake, "Mikutano yanipa usingizi. Nendeni mle, mniletee kidogo kwa mfuko." Shifa alimfungia biriani katika mfuko, na pande lake zima la nyama, akaiweka mapajani.

Baada ya chakula, mlango ukiwa umefungwa, Bw. Musyoka alianza kusoma ishara ukutani. Ya kwanza: pasipoti yako inashikwa na mtu mwingine. Sidi akamtazama Shifa. Ya pili: umenyang'anywa simu, kwa mfano ukiambiwa inakwenda kusajiliwa laini ya ng'ambo. Sidi akamfinya Shifa. Ya tatu: umefundishwa kusema kwamba anayekusafirisha ni ndugu yako. Shifa akainua mkono.

"Samahani, mwalimu. Je, mtu akiwa nazo zote?"

Ukumbi ulipendezwa na kijana mwenye bidii ya masomo. "Swali zuri sana, mwanangu," akasema Bw. Musyoka. "Tutalichukua kwenye Mengineyo." Akaliandika.

Bw. Ronald hakupendezwa. Alisimama, akaomba radhi kwa lugha tamu, akasema yeye na vijana wake wana safari. Ni hapo ambapo Bw. Musyoka, bila kujua hata chembe ya alichokuwa akikifanya, aliwaokoa watu wawili. "Akidi, ndugu yangu," alimwambia. "Mkitoka nyinyi watatu, hapa pamebaki mazungumzo tu. Keti, picha ni karibuni." Bw. Ronald akautikisa mlango. Mlango ni wa mvule. Akarudi kuketi, akawa anaandika ujumbe kwenye simu chini ya meza, na waliokuwa jirani naye wakamwonea huruma kwa jinsi alivyo na shughuli.

Mengineyo ilipofika, Shifa hakungoja kuitwa. "Swali langu si swali," alisema. "Ni mimi na huyu Sidi. Pasipoti zetu zimo katika mkoba wa huyu bwana. Na mwenzetu Mercy yuko Mwembe Tayari na shangazi asiye shangazi, basi lake latoka saa nane u nusu. Tafadhalini, mtu asimamishe lile basi."

Saa ya ukutani ilikuwa yaelekea saa nane. Kutoka Mbaraki hadi Mwembe Tayari si safari, na chumba kilijaa watu ambao kila mmoja alikuwa ameapa mbele ya mfadhili kwamba jambo hili ni wajibu wake.

Dzoro, karani wa tiketi wa mabasi yale yale, alikuwa na simu mkononi na nambari ya stendi ndani yake. Alieleza kwa uchungu kwamba kazi yake ni kukata tiketi. Kusimamisha basi ni kazi ya polisi, na basi likichelewa atakayeulizwa ni yeye. Polisi walikuwa wametuma udhuru, kupitia mwakilishi ambaye naye alituma udhuru. Bi Jannat, mwenye nyumba ya wageni Mji wa Kale, ilipotajwa kuwa wasichana walilala kwake siku mbili, alijitanda buibui vizuri akasema, "Mimi nakodisha kitanda, wanangu. Ndoto za watu siziulizi." Padri na ustadhi, ambao mwaka mzima hawajapatana juu ya nani afungue kikao kwa dua, hapo walipatana: wote wawili walijitolea kuomba.

Becky alikuwa amekwisha kusimama, viatu mkononi. "Basi nifungulieni mlango niende mimi!"

Bw. Musyoka hakukataa. Hajawahi kukataa kitu. Alieleza tu kwamba mjumbe akitoka kwa niaba ya Muungano, lazima liwe azimio, na azimio lina taratibu zake. Becky akatoa pendekezo. Likakumbana na tatizo kwamba Becky hana kura, na asiye na kura hapendekezi. Dzoro akampendekezea. Bi Jannat akaunga mkono, akaomba neno "haraka" liondolewe maana lingeweza kuwaudhi waliotuma udhuru. Likaondolewa. "Nyinyi watu mwanichezea!" Becky alipiga kelele, na hilo nalo likaandikwa kama mchango kutoka ukumbini. Shifa alikuwa akilia kimya, ameukumbatia ule mfuko wa biriani. Hatimaye ikapitishwa kwa kauli moja kwamba kumfuata Mercy ni wajibu wa kila mmoja wetu.

Kisha picha.

Wapo wanaosema picha ingeweza kungoja. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba bila picha pasipoti zisingepatikana. Desturi ni kila mshiriki ashike cheti chake kwa mikono miwili kifuani, na Bw. Ronald, aliyepangwa mbele kwa ajili ya suti yake, alikishika cheti cha Balozi wa Wajibu wa Pamoja kwa mikono miwili, mkoba ukiwa chini miguuni. Mpiga picha alikuwa bado anahesabu Sidi alipoinama, akaufungua, akachukua vitabu viwili na simu tatu. Kitabu cha tatu hakikuwamo. Kilikuwa kwa shangazi.

Mlango ulipofunguliwa Becky alitoka kama risasi, akakamata tuktuk. Mwembe Tayari alikuta nafasi tupu na muuza maji aliyemwambia, "Lile? Ndio kwanza limekata kona, dada." Kituo cha kwanza cha polisi alichokimbilia kilimwelekeza cha pili. Cha pili kilimpongeza kwa moyo wa kujitolea, kikamrudisha cha kwanza. Bw. Ronald alionekana Feri akivuka na umati, cheti mkononi. Hajashikwa. Bado yumo katika orodha yetu ya waalikwa, kwa kuwa kumwondoa kunahitaji azimio.

Ripoti ya mwaka ule, kazi bora kabisa ya Bw. Musyoka, ilieleza kwamba asilimia mia moja ya wahanga waliohudhuria kikao waliokolewa. Mfadhili aliisoma, akaleta ngao, na msaada mwingine wa miaka miwili. Shifa sasa anapika katika mkahawa wa Mbaraki na hakanyagi semina. Sidi ni mjumbe wetu. Kura hana bado, lakini kiti chake kiko karibu na mlango, naye ndiye aliyechagua kiwe hapo.

Bw. Musyoka mwenyewe hakuizungumzia ngao hiyo hata siku moja. Ila mkutano uliofuata alikuja na ajenda ambayo wajumbe waliigeuzageuza wakidhani imechapwa kinyume: Mengineyo ilikuwa ya kwanza, kabla hata ya dua. Bi Jannat alilalamika kwamba chai yapoa. Bw. Musyoka akajibu, "Ipoe, Bi Jannat." Ndilo neno kali kuliko yote aliyowahi kusema kazini. Na ufunguo wa ukumbi aliutoa katika mfuko wa shati, akampa Becky, tena bila azimio. Wapo wajumbe wanaoliona hilo kuwa doa pekee katika utumishi wake.

Sherehe ya kumuaga itafanyika ukumbini Ijumaa hiyo saa nne asubuhi. Biriani itakuwapo, na mlango utakuwa wazi. Bw. Musyoka, twakushukuru kwa miaka yote hii, kwa subira, kwa chai, na kwa picha zilizojaa watu. Nenda Ukambani salama, Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na majirani wasiopenda vikao.

Hadi jarida hili linakwenda kwa mchapishaji, Mercy hajapatikana.