Ini la Sato wa Kiseke

Kwenye kivuko cha Kamanga, mbele yangu, mama mmoja aliyechimba bwawa la samaki Kiseke, kwa kuwa wa ziwani siku hizi wanapelekwa Ulaya, alimwonyesha mzee aliyeketi jirani yake sato mnene aliyempasua. Ini lilikuwa jeupe, linateleza kwa mafuta. "Wanakufa, baba, na nawalisha dagaa na mafuta ya ng'ombe kutwa."

"Ndiyo maana," alisema mzee. "Ng'ombe wangu hutembea kutafuta majani. Hao wako wanaletewa, ini linazidiwa. Walaze njaa kidogo."

"Kwetu Bukoba, ulichokifuga hakilali njaa."

Mzee mwenyewe alikuwa na kitambi, lakini hayo hayakunihusu. Kivuko kilipogusa gati, mama alimpa ndizi ya kuchoma. Mzee alisema ameshiba. Kisha akaipokea.