Fundi Sixbert Anastaafu, Landrova Linabaki Mtanda

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya Lindi, Ndugu Sixbert Mbonde, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika Shirika la Zahanati za Milimani. Mimi Fortunata, karani wa usafirishaji, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya sherehe, na nimeagizwa uwe wa kuchangamsha. Nitajaribu. Ila moyo wangu hauko kwenye pilau, na najua wake pia hauko.

Fundi ni mwenyeji wa Kipatimu. Alijifunza ufundi hukohuko misheni, akaja kwetu kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, wenzake wanasema, ingawa ushahidi wa hizo nywele hatunao tena. Alikabidhiwa Landrova la bluu lililokuwa likishusha wagonjwa kutoka milimani. Alilitengeneza, akaliendesha, akalichongea hata kirungu cha gia kwa mpingo. Mkewe, Mama Apolonia, alikuwa akilisalimia asubuhi kama mke mwenziwe.

Mwaka wa mvua za Elnino, chesisi ya Landrova hilo, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, ilikatika mlimani. Gari jingine la Shirika la aina hiyohiyo lilikuwa limeshapinduka, na ofisi ilikuwa imeshatoa taarifa serikalini kwamba limekufa kabisa na lifutwe kwenye usajili. Fundi akachukua chesisi ya lile lililokufa, akaiweka chini ya hili. Wiki haikuisha, Landrova likapanda mlima tena. Tukampigia makofi, tukampa cheti cha mfanyakazi bora. Kwenda kubadilisha namba ya chesisi kwenye kadi ya gari ilikuwa kazi yetu sisi wa ofisini, na hakuna aliyekwenda. Baadaye gari likauzwa kwa mnada. Siku hiyo Fundi hakula chakula cha mchana.

Cha ajabu, hakuna mtu Lindi nzima aliyekuwa mkali wa namba za chesisi kama yeye. Mudathiri wa stoo alipoona pikapu inauzwa kwenye simu na kutaka kutuma hela, Fundi alimwuliza namba kabla hata ya kuitikia shikamoo yake. Akamtuma aende kwanza akailinganishe na kadi. Hazikufanana, Mudathiri akapona. Tulikuwa tunamwita Baba Chesisi kwa siri, na siri yenyewe alikuwa anaijua.

Basi mwaka jana, kwenye kundi la wauza magari ya zamani mtandaoni, Fundi akaona picha ya Landrova la bluu. Ndani, kirungu cha mpingo. Jamani, mzee alilia hapa karakana, tukadhani amefiwa. Muuzaji alikuwa kijana wa Dar es Salaam, Sadick, mwenye maneno matamu: kadi ipo, mzee wangu, wasiwasi wa nini, kuhamisha jina ni suala la siku mbili. Fundi akauza shamba lake la korosho la Milola, akalipa. Nilipomwuliza kama amelinganisha namba, alinifokea: hakuna mzazi anayemdai mwanawe cheti cha kuzaliwa.

Mnajua desturi yetu. Mstaafu hupelekwa kwao kwa msafara, honi tangu getini, mkewe kakaa mbele na kanga mpya. Fundi akatangaza kwamba magari ya ofisi yapumzike. Yeye na Mama Apolonia watakwenda na Landrova lao, na likifika Kipatimu litarudia kazi yake ya kushusha wagonjwa. Mama Apolonia akanunua kanga mapema.

Fundi akalipeleka kukaguliwa ili ahamishe jina. Ofisa wa ukaguzi wa magari alimwamkia shikamoo, akampa kiti, ndipo akamweleza. Kadi ni halali, lakini chesisi inayotajwa humo haipo chini ya gari. Chesisi iliyopo ni ya gari lililofutwa kwa kufa, tena kwa taarifa yetu wenyewe. Gari la namna hiyo halihamishwi jina, halikatiwi bima, haligusi barabara. Ofisi yetu ikaandika barua kueleza. Jibu likaja kwamba idhini ya kubadilisha ilipaswa kuombwa wakati ule. Sadick kupigiwa simu, hapatikani mpaka leo. Waliolinunua kabla ya Fundi bila shaka waligonga ukuta huohuo wakalipitisha mbele kimyakimya.

Sasa limekaa uani kwake, mtaa wa Mtanda hapa Lindi, chini ya turubai. Ameshauriwa alikate auze spea. Spana anazo, na hakuna anayejua kulifungua kama yeye. Hajafungua hata nati moja.

Wiki iliyopita alikuja mezani kwangu kusoma rasimu ya wasifu huu. Akaweka kidole kwenye habari za chesisi na cheti. "Futa hapo, mwanangu," akasema. "Hapo ndipo nilipojimaliza kwa mikono yangu."

Sijafuta. Nisamehe, Fundi. Jenipher wa mapokezi, anayekugawia soda leo, alizaliwa nyuma ya gari hilo likishuka mlimani, mvua zilezile za Elnino, juu ya chesisi hiyohiyo. Mama yake alikuwa anavuja damu, na gari jingine halikuwepo. Nikifuta hapo namfuta na yeye, na mama yake. Ulifanya kazi njema, sisi tukashindwa kuimalizia, na anayelipa ni wewe. Inauma, wala sitajifanya kwamba haiumi.

Ahsante, Fundi wetu. Msafara utatoka baada ya chakula kwa gari la ofisi, na honi zitapigwa zote. Mama Apolonia, kiti cha mbele ni chako, kanga yako imekupendeza. Fundi ameomba akae nyuma na mizigo. Kirungu cha gia kimo mfukoni mwa shati lake, msimwombe awaonyeshe. Mungu awafikishe salama, awape afya na usingizi, na huko milimani asitokee mgonjwa wa kuja kukugongea mlango, Fundi, akiulizia gari.