Rebeccah Bochaberi Sagini (1969–2024): Maombi Yaliyorudishwa

Marehemu Rebeccah Bochaberi Sagini alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kambi ya wafanyakazi wa chai karibu na Boito, Konoin. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Onyiego na Mama Nyamusi, ambao walitoka milima ya Kisii kuja kuchuma chai na hawakurudi tena. Mamake alimfundisha kazi hiyo kwa namna moja tu: aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, wakachuma pamoja majani mawili na kichipukizi, na siku alipoona vidole vya binti vimeelewa, aliuondoa mkono wake akahamia mstari mwingine. Familia inawaomba waombolezaji waukumbuke mkono huo ulioondolewa.

Alisoma katika shule ya msingi ya kambini na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1982, akiwatangulia wasichana wote wa mwaka wake. Aliacha masomo akiwa kidato cha pili, mgongo wa baba uliposhindwa na kazi. Masomo yalikoma ila maswali hayakukoma. Bado inasimuliwa jinsi mwalimu wa dini alivyomwita mamake shuleni. "Mama, huyu mtoto anauliza Mungu alikuwa akiongea na nani kabla ya kuumba watu. Mwambie awaachie wengine nafasi." Mama Nyamusi alimtazama mwalimu kwa utulivu. "Na wewe ulimjibu nini?"

Alianza kazi kama mchumaji, na kuanzia mwaka wa 1994 akawa karani wa kupima majani katika kituo ambako wakulima wadogo wa Boito huleta chai yao. Alitia mkono ndani ya kila gunia, akayatoa majani magumu na kumrudishia mwenyewe bila kujali ni mzee wa kanisa au ni shemeji yake. Wakulima walimtania kwamba hata malaika wakishuka na gunia, Bochaberi atalifungua kwanza. Naye alijibu kwamba malaika wana mikono laini, hawawezi kuchuma vizuri.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa kanisani na Bwana Kebaso Sagini, fundi wa mitambo kiwandani. Walijaliwa watoto watatu: Judy, Nyaberi na Molly. Molly alizaliwa njiani katikati ya mashamba, mvua ikinyesha, mkunga akiwa jirani yake Apiyo, muuza samaki wa soko la Boito, ambaye tangu siku hiyo hawakuachana. Bwana Sagini alifariki mwaka wa 2015, lori la majani lilipopinduka mteremkoni. Baada ya mazishi hayo Marehemu aliuliza swali moja kila alipokwenda: mtu wake yuko wapi sasa, na ni nani anayejua kwa hakika? Kanisani aliambiwa asiulize sana. Hilo ndilo lililomtoa nje kutafuta.

Mwaka wa 2017 alielekezwa kwa mtu mmoja wa Fort Ternan, mwenye boma kando ya reli, aliyetaka kuitwa Mwelekezi. Familia imeamua kwamba jina lake halitachapishwa kwenye ukurasa mmoja na jina la Marehemu. Alifundisha kwamba mwenye kiu ya Mungu akitafuta peke yake hupotea, na kwamba ombi lisilopitia kwake haliendi popote. Kila Jumamosi wafuasi walimpelekea maombi yao. Alifumba macho, kisha akatamka mojawapo ya maneno mawili: "Limepokelewa," au, "Rudi nalo."

Kosa lililofuata lingeweza kufanywa na mtu wa chai tu. Mwanamke ambaye maisha yake yote ya kazi alirudisha majani ya watu hakuona ajabu kurudishiwa maombi. Aliona ni utaratibu. Apiyo, mama yake Calvince, alimkabili waziwazi, wakiwa wameketi kwenye benchi la kituo.

"Mama Calvince," Marehemu alimwambia, "jani haliendi kiwandani lenyewe. Lazima lipite kwa karani. Ombi nalo liende tu hivyo?"

"Karani ni wewe, Mama Judy, na chai si yako. Wewe unapima tu."

"Bila mimi wataleta hata matawi."

"Sawa. Siku ya Molly, pale njiani, ulimwita Mungu mpaka wachumaji wa ng'ambo wakasimama. Ulipitishia kwa nani?"

"Ile ilikuwa kelele. Si maombi."

"Basi kelele yako ina miguu kuliko huyo mtu wako."

Marehemu alicheka hadi akafuta machozi. Jumamosi alikwenda Fort Ternan.

Mwezi wa Juni 2023 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto. Madaktari walisema umewahiwa, na ukiondolewa mapema atapona. Aliomba muda. Alimpelekea Mwelekezi ombi la kukubali kupasuliwa, akaambiwa arudi nalo. Akalipeleka tena, likarudishwa tena, kwa kuwa halikuwa limeiva. Watoto walilia, dada yake akafoka, naye akawajibu kwa upole uleule aliowajibu nao wakulima wenye majani magumu. Alipokubali kurudi hospitalini, Machi 2024, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mapafu. Daktari aliuliza kwa nini amechelewa. Alisema, "Nilikuwa nangoja jibu."

Mwelekezi hakukanyaga nyumbani kwake. Alituma neno kupitia kwa mfuasi kwamba ugonjwa ule ulikuwa dalili ya mtu aliyekuwa akiomba pembeni bila ruhusa. Haikuwa kweli. Kwa miaka saba Marehemu hakuwa amethubutu. Baada ya neno hilo aliacha kuomba kabisa, na wote waliomuuguza watashuhudia kwamba hofu hiyo ilimtesa kuliko maumivu: kwamba anakufa akiwa amefungiwa mlango, na mwenye ufunguo hapokei simu.

Familia haisemi kwamba anayemtafuta Mungu hahitaji kufundishwa. Marehemu mwenyewe alifundishwa na mwanamke asiyejua kusoma, ambaye alijua siku ya kuondoa mkono. Asiyeuondoa hafundishi; ameshika tu.

Katikati ya mwezi wa Juni aliomba asogezwe dirishani, mahali pa kuiona chai. Apiyo alikuwa kando yake. Marehemu alianza kusema kwa Ekegusii, lugha ya mamake, polepole, kwa muda mrefu, na jina la Sagini lilisikika humo. Kisha akaitazama chai, halafu akamgeukia Apiyo.

"Nimeomba mwenyewe, Mama Calvince. Halafu nimengoja."

"Na?"

"Hakuna mtu amerudisha."

Alilala usingizi wa kwanza mzuri baada ya wiki nyingi. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 19 Juni 2024.

Ameacha mama yake mzazi, Mama Nyamusi, watoto wake Judy, Nyaberi na Molly, dada yake Kemunto, wajukuu wawili, na rafiki yake Apiyo, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu. Ujumbe umefika kutoka Fort Ternan ukiomba nafasi ya kumsindikiza Marehemu kwa sala maalumu, ili apokelewe. Familia imeurudisha. Leo kaburini, kando ya mumewe, kila mmoja ataomba kwa kinywa chake na kwa lugha ya mamake.

Bochaberi, pumzika kwa amani. Hakuna ruhusa inayohitajika.