Gitaa la Bei ya Kati

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa amepakata gitaa jipya la nyuzi za nailoni. Mkabala naye aliketi seremala, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake. Hawakujuana, lakini mbao haimpiti seremala.

"Samahani, dada, hiyo ni mbao au plaiwudi?"

"Uso ni mbao halisi, mgongo plaiwudi. Kwa bei ya kati hupati vyote."

Seremala akaguna kama aliyetukanwa yeye. Akaomba ruhusa, akaligonga kwa kidole, akatega sikio. "Uso unaitika vizuri. Lakini ungevuta subira kidogo, ungepata mbao tupu mbele na nyuma. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, kaka. Nimengoja miaka thelathini. Wanangu wanne wamejifunza yote waliyoyataka, sasa ni zamu ya mama yao." Kisha akaonyesha vidole vyake vifupi. "Lile la mbao tupu nililijaribu. Shingo yake pana, vidole havifiki. Wewe unachagua mti, mimi nachagua mkono."

"Mkono hufundishika, dada. Plaiwudi haifundishiki."

Hapo mama akaanza kupiga wimbo wa kubembeleza mtoto, taratibu, akikosea karibu kila mahali. Seremala, aliyekwisha kufungua mdomo apinge, akajikuta anaufuatisha kwa sauti nzito.

Treni ikasimama. "Bado hujanishinda," akasema seremala, akashuka huku anaimba.