Migale Katika Bokali ya Sukari

"Hatua ya Muda Kuhusu Kuwepo kwa Mnyama Asiyeainishwa katika Sehemu ya Kunywea Kahawa." Kwa agizo la jina hilo Anatole, ajenti wa ijieni, yaani usafi wa mji, alizima jiko la Mama Victorine, muuza kahawa wa bandarini, asubuhi, siku ileile boti ya Kigoma ilipokuwa inatazamiwa. Maana yake ni kwamba buibui mkubwa kama kiganja alitoka chini ya gunia la makaa, na Mama Victorine, bila hata kupiga kelele, akamwaga sukari, akamfunika kwa bokali, ile chupa pana ya kioo, na kuifunga. Abiria wa boti ndio wanaomsomeshea watoto. Sisi wa benchi tunamlipa zaidi kwa mazungumzo. Basi tulikaa na vikombe vitupu, bokali katikati ya meza, tumechangamka kama watu wa harusi.

Anatole: Si mimi nimekataa, Mama. Ijieni inashughulika na wadudu. Akiwa nyama wa manyoya, ni wa daktari wa mifugo. Akiwa wa ziwani, ni wa uvuvi. Niambieni ni nani, nijue nani amwondoe.

Mama Victorine: Daktari wa mifugo iko wapi?

Anatole: Alipanda Pepa, kule milimani, kwa ng'ombe. Atashuka akimaliza.

Mama Victorine: Basi ni mdudu! Papa Sinodi, sema ni mdudu!

Papa Barnabé alikuwa katekista Mpala na hajawahi kufupisha neno, ndiyo maana tunamwita Sinodi. Alivaa miwani kwanza.

Sinodi: Mama, siwezi kumsingizia kiumbe naye ananitazama. Ona manyoya. Mdudu gani anavaa koti? Huyu iko karibu na nyani.

Djo, mbeba mizigo wa bandarini, ambaye jina lake la benchi ni Nanga kwa kuwa akishakaa hainuki, aliinuka.

Nanga: Nyani! Papa, hesabu miguu! Nane, na ile miwili mifupi ya mdomoni, ni kumi. Kumi njo kaa! Huyu alitoka ziwani, akaona maisha ya huku juu, akaota manyoya sababu ya baridi!

Anatole: Nikiandika kaa, watu wa uvuvi wataniuliza mtumbwi gani ulimvua.

Christelle, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameinamia simu yake muda wote.

Christelle: Mumeanguka mtihani wote. Ile miwili si miguu, ni vipapasio. Miguu ni nane, na mdudu iko na sita. Huyu ni migale, buibui mkubwa wa manyoya, wa ukoo mmoja na nge na kupe. Jenasi yake… Pterinochilus.

Sinodi: Jina kama la askofu wa zamani.

Christelle: Tazameni mgongoni! Mistari inatoka katikati kama miale ya jua. Ile njo alama yake. Macho nane, yote yamesongamana juu ya kilima kimoja kidogo. Meno mawili, yanachoma kwenda chini, hayakutani kama mkasi. Na hana pembe. Mwenye pembe mgongoni ni jenasi ingine, Ceratogyrus.

Nanga: Wako wenye pembe? Basi huyu ni jike! Dume njo anabeba pembe, kama ng'ombe!

Sinodi: Kule Pepa hata majike yana pembe, Nanga. Wewe ng'ombe unamjua akiwa kwenye sahani tu.

Tulicheka wote isipokuwa Mama Victorine.

Mama Victorine: Madame, wewe umesema ni ndugu ya nge. Anatole, nge ni wa biro gani, ofisi gani?

Anatole alipekua agizo lake, mbele na nyuma.

Anatole: Nge hana biro.

Christelle alitaka kufungua ukurasa unaofuata, mtandao ukakatika. Wakati huohuo buibui alijikunja taratibu, akapinduka, akalala chali.

Nanga: Kisha kufa! Madame, umemuua na jina lile!

Anatole: Mzoga! Mama, mzoga ni takataka, na takataka ni yangu! Washa jiko! Mimi nafuata glavu.

Alikimbia. Hatujawahi kumwona ajenti akikimbilia kazi. Sinodi aliomba kitenge, akafunika bokali.

Sinodi: Hatuachi maiti wazi. Atafunikwa mpaka wenye kumchukua wafike.

Ndivyo tunavyofanya huku, na hakuna aliyethubutu kufunua. Anatole alikawia, maana mwenye ufunguo wa glavu alikuwa mkutanoni. Aliporudi, boti ilikuwa imepiga honi ya kwanza, kahawa inanukia, na Mama Léonie, muuza samaki, ndiyo kwanza anakaa. Alipewa kikombe, akatafuta bokali ya sukari mahali pake pa siku zote, akainua kitenge.

Mama Léonie: Mama Victorine, mbona wako wawili?

Mmoja alilala kimya, miguu yote, manyoya yote, meno yote. Kando yake mwingine, rangi mbichi, alikuwa ananyoosha miguu.

Nanga: Amezaa!

Sinodi: Amezaa mtu mzima?

Nanga: Basi amefufuka, mwili ameuacha!

Sinodi: Pasaka ilishapita, Nanga.

Anatole: Agizo linasema mmoja.

Tulimgeukia Christelle. Aliinua simu juu kutafuta mtandao. Honi ya pili ikalia. Mama Victorine hakutazama bokali. Alimtazama Anatole.

Mama Victorine: Ajenti, huyu asiyetikisika ni wa nani?

Anatole: Wangu.

Mama Victorine: Basi chukua wako.

Sinodi aliinamisha bokali, Anatole akavuta kwa glavu. Alishangaa kidogo, maana mzoga ulikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Hakuuliza.

Kilichotokea ni hiki. Migale alikuwa anajivua ngozi, na akijivua hulala chali. Biro ya ijieni ilipokea ngozi tupu, ikaiandika mzoga, ikafunga jambo. Nanga alimwachilia mwenye ngozi kwenye mawe nyuma ya reli. Boti ilifika, na Mama Victorine aliuza kahawa mpaka ikaisha.