Kasmir Mloka na Chumba cha Sita

Kasmir Mloka, tunayemzika leo Jumatano, tarehe 11 Septemba 1957, alizaliwa Matombo, milimani Uluguru, tarehe 4 Machi 1899. Alikuwa mtoto wa tatu wa wakulima wa mpunga, na alibatizwa mwaka uliofuata.

Alisoma shule ya misheni mpaka akaweza kusoma, kuandika na kubishana, na hilo la mwisho ndilo lililomfaa zaidi maishani. Kisha mapadri walimpeleka karakana ajifunze useremala. Siku moja fundi alimwambia amalizie kiti cha mwanafunzi mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Kasmir alikataa kukigusa, akasema mwenye kiti hajaulizwa. Alichapwa, akaenda wodini kumwuliza, akakubaliwa, ndipo akarudi kukimalizia. Wanaosema ukaidi wake ulianzia kwenye ofisi za hapa mjini wamechelewa sana.

Mwaka 1917 alikamatwa njiani akabebeshwa mizigo ya vita. Vita vilipokwisha aliachwa katika kambi ya wapagazi, hapa hapa tunapopaita Kariakoo, bila hata nauli ya kurudi kwao. Alipenda kusema kwamba serikali ndiyo iliyomleta mjini kwa nguvu, kisha ikatumia miaka yote iliyobaki kumwuliza anakaa hapa kwa ruhusa ya nani. Alichonga milango na madirisha katika karakana ya Bwana Harilal, Uhindini, hadi mwaka 1931 alipoanza kazi yake mwenyewe. Bwana Harilal alimuaga kwa kumpa randa mbili nzuri, na yuko nasi hapa leo.

Tarehe 6 Novemba 1926 alifunga ndoa na Hyasinta katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Skolastika na Wenslaus. Mwaka 1934 walijenga nyumba ya miti na udongo, vyumba vitano, Mtaa wa Sikukuu. Kodi ya kiwanja hakuichelewesha hata mara moja. Wapangaji wake hakuwaingilia. Bi Tatu, aliyepanga kwake tangu nyumba ikiwa mbichi, anasema marehemu alibisha hodi kwenye mlango alioutengeneza kwa mikono yake, na asipokaribishwa aliondoka.

Sasa tunafika kwenye habari za chumba cha sita, ambazo zinachosha hata kuzisimulia. Mwaka 1952 Kasmir aliomba kibali cha kuongeza chumba cha matofali ya saruji upande wa uani. Alikuwa amemzidi mkewe umri kwa mbali, akataka siku akitangulia, Hyasinta abaki na chumba kisichohitaji kukandikwa kila masika. Alijibiwa kwamba kiwanja chake ni cha muda, kwa hiyo jengo la kudumu haliruhusiwi. Akaomba basi kiwanja kiwe cha kudumu. Akajibiwa kwamba kiwanja cha kudumu hapewi mwenye nyumba ya udongo. Mwaka mzima alizungushwa dirisha hadi dirisha, amevaa koti lake la kanisani, na kila karani alimwambia kwa upole kwamba sheria hakuitunga yeye. Aliyeitunga hakuonekana dirishani hata siku moja.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo Kariakoo inalicheka mpaka leo. Watu wenye nyumba za udongo huzipiga plasta ya saruji kwa nje ili zionekane za mawe. Kasmir alijenga chumba cha matofali, akakikandika udongo ili kionekane cha udongo. Aliacha hata alama za vidole ukutani. Wakaguzi walipita, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaenda zao.

Mwezi Machi mwaka huu ofisi iliandika kwamba chumba kile kibomolewe kwa kuwa ni kibovu. Aprili mvua ikanyesha mpaka Jangwani pakawa ziwa. Kuta nyingi za mtaani zililala chini. Chumba cha sita kilivuliwa udongo tu, matofali yakabaki wazi, yamenyooka. Ofisi ikaandika tena kwamba kibomolewe kwa kuwa ni cha kudumu. Mtu akizisoma barua hizo mbili kwa pamoja hutamani kugombana na mtu, ila hajui agombane na nani.

Barua ya pili aliileta mkaguzi kijana, Shaibu, mzaliwa wa Ilala. Aliamkia, akakaa, akanywa kahawa, na ilikuwa wazi kwamba ujumbe wenyewe unamtia haya.

"Mzee, kandika udongo tena," alisema. "Mimi nitaandika sikuona kitu."

Hyasinta alimtazama mumewe, akiomba moyoni akubali. Kukubali kulikuwa rahisi. Udongo ulikuwepo uani, na chumba kingebaki.

"Nakushukuru, mwanangu," Kasmir alimjibu. "Lakini nimechoka kujificha kwangu kama mwizi. Nikifa, mke wangu atabaki na chumba au atabaki na siri? Wewe ukihamishwa, atakayekuja ataona."

Kesho yake alikipaka chumba chokaa nyeupe, ndani na nje. Hyasinta alikasirika kwelikweli. Alimwambia kwamba yeye aliomba ukuta, si kesi, na kwa siku kadhaa aliongea naye kupitia kwa Bi Tatu. Hatuna haja ya kulificha hilo, kwa sababu Hyasinta mwenyewe ametuagiza lisomwe.

Mwezi Juni Kasmir alianza kuugua kifua. Alilazwa hospitali, akaomba arudishwe nyumbani, akawekwa chumba cha sita kwa kuwa ndicho kikavu kuliko vyote. Siku zake za mwisho Hyasinta alimwuliza aende kwa nani kuombea chumba hicho.

"Usiombe," alimwambia. "Kaa."

Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na wapangaji wanaolia kama wanawe. Ofisi imepanga kubomoa Jumatatu ijayo, tarehe 16. Matanga yako nyumbani, Mtaa wa Sikukuu. Mama Hyasinta ametandika mkeka wake katika chumba cha sita na amesema hatoki mpaka arobaini ipite. Familia inawaomba nyote mliompenda marehemu mje mkae naye, wakati wowote mnaoweza, lakini hasa Jumatatu asubuhi.

Kasmir alihamishwa mara moja bila kuulizwa, na hakusahau. Mwenyezi Mungu amlaze mahali ambapo hatahamishwa tena.